Joto, Halijoto na Tungamo: Mfano wa Chokaa Iliyomwagiwa Maji

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku, neno joto hubeba dhana mbili: nishati inayohama kutoka kitu kimoja hadi kingine, na hali ya kitu kuwa moto au baridi kama inavyosomwa kwenye kipimajoto. Taaluma ya kemia haiwezi kuvumilia utata huo, na ndiyo maana istilahi halijoto imetengewa dhana ya pili. Makala haya yanadhihirisha umuhimu wa mpaka huo kwa kutumia mmenyuko uliozoeleka katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako matumbawe yalichomwa ili kupata chokaa ya kujengea.

2.0 Mwenendo wa Hesabu

Matumbawe yakichomwa hutoa gesi ya kaboni dioksidi na kubakiza oksidi ya kalisi. Oksidi hiyo ikimwagiwa maji humenyuka hivi:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Kila moli ya CaO hutoa joto la kilojuli 65 hivi. Alama ya kutoa inayotangulia tarakimu hiyo katika majedwali (−65) huonyesha kwamba nishati imetoka katika vitu vilivyomenyuka na kupokewa na mazingira.

Ichukuliwe kwamba ipo kilo moja ya CaO safi na maji ya kutosha. Kwanza, tungamo hugeuzwa kuwa moli: gramu 1000 zikigawanywa kwa 56, ambazo ni gramu za moli moja, hupatikana moli 17.86. Pili, moli hizo huzidishwa kwa 65, na jibu ni kilojuli 1160 hivi. Anayeruka hatua ya kwanza na kuzidisha gramu kwa 65 hupata jibu lililo kubwa mara 56 kuliko lile sahihi.

Maji nayo sharti yahesabiwe. Kilo hiyo huhitaji gramu 321 za maji ili imenyuke yote. Zikiwapo gramu 160 tu, takriban nusu ya chokaa hubaki kama ilivyokuwa, na joto litolewalo huwa kilojuli 578.

3.0 Joto Moja, Halijoto Mbili

Kilojuli 1160, zisipopotea, zaweza kupandisha halijoto ya kilo 4 hivi za maji kutoka nyuzi 30 hadi 100 za Selsiasi. Zikiingia katika kilo 40, halijoto hupanda kwa nyuzi 7 tu. Joto ni lile lile; kilichobadilika ni tungamo la kitu kilicholipokea.

4.0 Hitimisho

Joto hutegemea tungamo lililomenyuka, ilhali halijoto hutegemea pia kile kinachopokea joto hilo. Tofauti hii si ya kamusini tu. Chokaa iliyomwagiwa maji machache huchemka, hurusha matone na kuunguza macho ya fundi. Mwanafunzi aliyefundishwa dhana zote mbili kwa neno moja hawezi kueleza sababu yake.