Haya isitupeleke kwenye leza

Wapo mama zetu na dada zetu wa Unguja ambao, baada ya uzazi au hedhi kukoma, hupatwa na ukavu, ulegevu au kuponyokwa na mkojo wakikohoa, nao hunyamaza kwa haya. Matangazo ya mitandaoni huwaahidi tiba isiyo na kisu: leza au mawimbi ya redio yanayoupasha joto ukuta wa uke ili ukaze.

Tunawasihi wasiharakie. Julai 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuwa mashine hizo hazikuidhinishwa kwa kazi hiyo, na kwamba zilileta kuungua, makovu na maumivu ya kudumu. Mwaka 2021 utafiti wa Australia, uliohusu wanawake 85 waliokoma hedhi, ulionesha kuwa baada ya miezi 12 leza haikushinda tiba ya kuigiza.

Njia nyepesi ipo. Kubana na kulegeza misuli inayozuia mkojo, kila siku kwa miezi 3 au zaidi, husaidia wengi. Ukavu una vilainishi na krimu za homoni, kwa ushauri wa daktari.

Enyi waume, msiwakejeli wake zenu, wasindikizeni hospitali. Haya ni pambo la Muislamu, lakini kumuuliza tabibu hakuivunji.