Mtihani mmoja, shule zisizo sawa

Ndugu wazazi na viongozi, mtoto wa Mulungwishi akishindwa Mtihani wa Serikali, tusiseme upesi kwamba hana akili. Kwa siku 4 wanafunzi wa fani moja, kijijini au Lubumbashi, wanajibu mtihani wa taifa zima. Lakini yuko aliyeshika hadubini, na yuko aliyeichora tu kutoka ubaoni.

Elimu ya bure ya mwaka 2019 ilianza na shule ya msingi. Humanite bado inalipiwa na wazazi.

Aliyekimbia vita bila bulletini, tumwombe prefe ampime kwanza kabla ya kumrudisha darasa la chini. Kamati ya wazazi ikinunua vitabu, vikae shuleni, wasome wenyeji na wakimbizi pamoja.