Vipeo na Hesabu za Namba Kubwa

Archimedes wa Siracusa, mwanazuoni wa Kiyunani aliyefariki mwaka 212 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alimwandikia mfalme Gelon risala ya kumthibitishia kwamba chembe za mchanga, hata lau zingeujaza ulimwengu mzima, zina idadi inayoweza kutajwa. Na kwa kuwa jina la namba kubwa kuliko yote katika Kiyunani cha zama zile lilikuwa ni la elfu kumi, ilimlazimu abuni utaratibu mpya wa kuzipanga namba kwa daraja, hata akahitimisha kwamba chembe hizo haziwezi kuzidi namba ambayo sisi leo huiandika 10⁶³, yaani moja yenye sifuri 63 nyuma yake. Katika risala hiyo hiyo alithibitisha kanuni ambayo hata leo ndiyo msingi wa mlango huu wa aljebra: zinapozidishwa namba zenye kizio kimoja, vipeo vyake hujumlishwa.

Wanafunzi wengi huihifadhi kanuni hii kwa moyo pasina kuijua sababu yake, ilhali sababu yenyewe i dhahiri. Kipeo hutuarifu kizio kimeandikwa mara ngapi katika kuzidishwa kwa nafsi yake. Kwa hiyo 10³ ni 10 × 10 × 10, na 10⁴ ni 10 × 10 × 10 × 10, na ukiziandika zote mbili katika mstari mmoja utaikuta 10 imetajwa mara saba, si zaidi wala si pungufu, basi jawabu ni 10⁷. Anayeandika 10¹² amezidisha vipeo badala ya kuvijumlisha, na anayeandika 100⁷ amezidisha na vizio pia. Wote wawili wangeliuona upesi upotofu wao lau wangeliandika hesabu kwa urefu wake. Wala kanuni hii haina hukumu pale vizio vinapohitilafiana, kwani 2³ × 5² ni 8 × 25, yaani 200. Wala haina hukumu katika kujumlisha, kwani 10³ + 10⁴ ni 11,000 tu.

Juu ya msingi huu ndipo ulipojengwa uandishi wa kisayansi, ambao huiandika namba kuwa zao la sehemu mbili: ya kwanza isiyopungua 1 wala kufikia 10, na ya pili 10 yenye kipeo chake. Nuru husafiri takriban mita 3 × 10⁸ kwa kila sekunde, na ile itokayo kwenye jua hutufikia baada ya sekunde 500 hivi, yaani 5 × 10². Tukitaka kujua umbali wa jua, tutazidisha 3 kwa 5 tupate 15, kisha tutajumlisha 8 na 2 tupate 10, na zao litakuwa 15 × 10¹⁰. Lakini 15 imekwisha kuupita mpaka uliowekwa, kwa hiyo huandikwa 1.5 × 10, na ile 10 iliyotengwa hukiongeza kipeo kwa moja, jawabu likawa mita 1.5 × 10¹¹, ndizo kilomita milioni 150.

Fauka ya hayo, kanuni haibadiliki tunaposhuka kwenye vitu vidogo mno. Al-Samaw'al, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 12, alipanga jedwali la daraja zinazopanda upande mmoja wa moja na kushuka upande wa pili, na daraja hizo za kushuka ndizo tunazoziandika kwa vipeo hasi: 10⁻³ ni sehemu moja ya elfu. Atomu moja ya haidrojeni ina takriban kilogramu 1.67 × 10⁻²⁷. Zikikusanywa atomu 6 × 10²³, zao la 1.67 na 6 hukaribia 10, na jumla ya −27 na 23 ni −4, basi tunapata 10 × 10⁻⁴, yaani 10⁻³ ya kilogramu, nayo ni gramu moja.

Basi nawasihi walimu, na wazazi wanaowasaidia watoto wao nyumbani, wasiitangulize kanuni mbele ya sababu. Mtoto na aandike kwanza kumi zote kwa mkono wake na kuzihesabu, ndipo afundishwe kujumlisha vipeo. Kwani aliyeifahamu sababu, hata akiisahau kanuni siku ya mtihani, ataweza kuipata tena mwenyewe.