UMEME TULI: ASILI YAKE NA NAMNA YA KUUPUNGUZA MAOFISINI, MAJUMBANI NA KATIKA UJAZAJI WA PETROLI

Wananchi na watumishi wa Serikali wanafahamishwa kuwa cheche inayoruka kati ya kidole na kitasa cha mlango, au mlio mdogo usikikao mtu anapovua shati la polista, si mzuka. Huo ni umeme tuli, nao huzaliwa pale vitu viwili vya aina mbalimbali vinapogusana, kusuguana na kuachana. Chembe ndogo mno ziitwazo elektroni huhama. Kitu kimoja hubaki na upungufu na kingine na ziada. Ziada hiyo ikikosa njia ya kuteremka ardhini hujikusanya, na ikikaribia chuma huruka kwa mara moja.

Katika visiwa hivi hewa huwa na unyevu sehemu kubwa ya mwaka, na unyevu huo hutandaza juu ya vitu utando mwembamba unaopitisha chaji. Ndiyo sababu jambo hili halizungumzwi sana. Lakini chumba chenye kiyoyozi hewa yake hukauka, na pakiwa na zulia la nailoni na viti vya plastiki, mtumishi anayenyanyuka kitini aweza kubeba volti elfu kadhaa bila ya kujijua. Kwa kawaida mchomo hauhisiwi mpaka zifike kiasi cha volti 3,000, hali baadhi ya vipande vya ndani ya kompyuta huweza kuharibika kwa volti zisizofika 100. Fundi hana budi kugusa kwanza chuma kitupu kilichounganishwa na ardhi. Nguo za pamba, sakafu ya saruji iliyopigwa deki, na dirisha kufunguliwa mara kwa mara hupunguza sana usumbufu huu. Atembeaye pekupeku juu ya saruji ni nadra kuupata.

Hapa ipo tofauti inayopaswa kushikwa vyema. Umeme tuli huchoma mara moja ukaisha. Friji, pasi au bomba likimtikisa mtu kila aligusapo, hasa akiwa pekupeku juu ya sakafu yenye maji, huo si umeme tuli. Ni umeme wa laini unaovuja, nao huua. Swichi kuu izimwe na fundi aitwe.

Linalostahili kuangaliwa kuliko yote ni petroli. Umeme wa Unguja ulipokatika kwa kiasi cha mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa takriban miezi mitatu tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, jenereta ziliingia katika nyumba na maduka mengi, na madumu ya petroli yakaingia pamoja nazo. Wavuvi nao huchukulia madumu hayo mafuta ya mashine za boti. Petroli inapopita mpirani huchukua chaji, na dumu la plastiki likiwa juu ya gari lililotandikwa plastiki au zulia, chaji hiyo haina pa kwenda. Nguvu inayotosha kuwasha mvuke wa petroli haifiki milijuli 1. Cheche ya kidole yaweza kuizidi mara nyingi. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na hutoka hata penye baridi kali, seuze joto la pwani.

Kwa hiyo dumu lishushwe na liwekwe juu ya ardhi, si ndani ya gari wala ndani ya boti. Mdomo wa pampu uguse mdomo wa dumu tangu mwanzo hadi mwisho, na mafuta yaende taratibu. Dumu lisijazwe pomoni, kwani joto hupanua mafuta. Anayejaza aguse kwanza chuma kilicho mbali na mvuke. Chupa za maji ya kunywa hazifai kabisa. Mbali na wembamba wake, mtoto aweza kudhani ni kinywaji. Jenereta nayo izimwe na iachwe ipoe kabla ya kutiwa mafuta.

Moto ukizuka wakati wa kujaza, mpira usichomolewe wala dumu lisibebwe. Pampu izimwe, watu wasogee mbali na Zimamoto waarifiwe. Petroli inayowaka haizimwi kwa maji; moto mdogo uliomwagika chini hufunikwa kwa mchanga mkavu.