Kiingereza cha Kumkatia Tapeli Simu

Vitabu vingi vya kufundishia Kiingereza kwa wageni huanza na adabu. Mwanafunzi anajifunza kusema tafadhali, samahani, ndiyo, bila shaka. Ni mambo mazuri na anayahitaji. Lakini katika kufundisha watu wazima hapa Uingereza, wengi wao wakiwa wametoka Tanzania, Kenya na Kongo, nimeona kwamba adabu hiyohiyo ndiyo tapeli anayoipenda. Mtu asiyejua kukataa kwa Kiingereza hubaki kwenye simu, na tapeli anachotaka ni hicho tu.

Si kwamba watu wetu hawaujui utapeli. Ukimwonyesha mtu wa Dar es Salaam ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", atacheka na kuufuta. Kwa Kiswahili tunanusa uongo mara moja: salamu imekaa vibaya, lafudhi hailingani na cheo, haraka haina sababu. Kwa Kiingereza pua hiyo inaziba. Akili yote inahangaika kuelewa maneno, haibaki nafasi ya kujiuliza kwa nini yanasemwa. Na asiyeelewa vizuri hujibu "yes", maana ndilo neno linalosukuma mazungumzo mbele.

Kwa hiyo mimi naanza na maneno mazuri, siyo mabaya. Chukua "safe". Tangu masomo ya mwanzo tunalifundisha kuwa jema: nyumba salama, safari salama. Siku moja mtu anapiga simu, anajitambulisha kuwa wa benki, anasema wezi wameingia kwenye akaunti yako, hamishia pesa zako haraka kwenye "safe account". Akaunti salama! Nani asiyetaka usalama? Kumbe hakuna benki wala polisi wa nchi hii anayemwambia mteja ahamishe pesa ili ziwe salama. Maneno hayo mawili yakitamkwa pamoja, mazungumzo yameisha. Wenzetu wenye viza wana simu yao peke yao: anayejifanya ofisa wa uhamiaji anadai makaratasi yana kasoro, ulipe faini leo au urudishwe kwenu. Jirani yangu Mwingereza hawezi kutishwa hivyo. Wizara ya Mambo ya Ndani haidai pesa kwa simu.

Zoezi letu ni la watu wawili waliokaa wamepeana migongo, kwa sababu simu haina uso wa kuutazama. Mmoja ni tapeli, mwingine anatakiwa kumkatiza na kusema: "I'm hanging up now. I will call my bank myself." Nakata simu sasa, benki nitaipigia mwenyewe. Sentensi ni fupi, lakini kuisema ni kazi. Mzee mmoja wa Mombasa aliniuliza, "Mwalimu, mtu hajamaliza kusema nimkatie? Si kumvunjia heshima huko?" Nikamwuliza kama usiku wa manane humfungulia kila anayepiga hodi. Akacheka, akajaribu tena, ila akatanguliza "sorry". Tuliifanyia kazi hiyo "sorry" kwa wiki mbili.

Ukishakata, piga 159. Namba hiyo inakuunganisha na benki nyingi za hapa, nawe unakuwa na uhakika unazungumza na nani. Ujumbe wa simu unaotia shaka unaupeleka 7726 bila malipo.

Wazazi, hapa nina neno nanyi. Nyumba nyingi mkalimani ni mtoto. Wa miaka kumi na miwili anasomewa barua za benki, anapewa simu aongee, anasoma namba ya siri iliyoingia kwa ujumbe. Anajua Kiingereza kuliko nyinyi, sikatai, lakini hajui benki inavyofanya kazi, na mtu mzima mwenye sauti kali humtisha upesi. Mfundisheni naye ile sentensi ya kukata.

Vijana wa chuo nao wana mtego wao. Mtu anakuandikia kwamba pesa zitapita kwenye akaunti yako, uzitume mbele, ubaki na kidogo. Waingereza humwita anayekubali "money mule", yaani nyumbu wa kubeba pesa. Huko ni kusafisha pesa haramu, na kwa sheria ya mwaka 2002 kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Kwa mwenye viza ya masomo sihitaji kueleza zaidi.

Na aliyekwisha kutapeliwa? Kiswahili kina neno moja, nimetapeliwa, na linaonyesha wazi kwamba umetendewa. Wanafunzi wangu wakifika kwenye Kiingereza husema "I gave them my money", niliwapa pesa zangu, na anayesikiliza anaweza kudhani ulitoa kwa hiari. Sema "I was tricked into sending money", nilidanganywa nikatuma. Tofauti hiyo ina uzito. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki za hapa zinatakiwa kumrudishia mteja aliyedanganywa hadi pauni 85,000, mradi pesa zilitumwa kutoka akaunti ya Uingereza kwenda nyingine ya hapa hapa na ametoa taarifa ndani ya miezi 13. Benki inaweza kukata hadi pauni 100, na inaweza kukataa iwapo mteja alizembea kupita kiasi. Pesa zilizotumwa nje ya nchi, hata kama ni kwa tapeli aliyejifanya ndugu yako Nairobi, hazimo.

Kwa hiyo somo la mwisho ni la kutoa taarifa, na ajabu ni kwamba sarufi haiwasumbui sana. Zinasumbua namba. "Fifteen" na "fifty" kwa midomo yetu hutoka karibu sawa, na pauni 1,500 si 5,000. Nawaambia wazitaje moja moja: "one, five, zero, zero". Kisha tarehe, kisha saa, kisha jina la benki, na karatasi iwe mkononi kabla ya kupiga.