Ukomo wa Fidia za Uzembe wa Kitabibu: Je, Hushusha Gharama za Bima?

Mwezi Mei 1975 madaktari wa usingizi katika eneo la San Francisco, jimboni California nchini Marekani, walikataa kuhudumia upasuaji usio wa dharura. Vyumba vingi vya upasuaji vikakaa bila kazi. Madaktari hao hawakuwa wakidai nyongeza ya mishahara. Walikuwa wakilalamikia bima, kwa sababu kampuni zilizokuwa zikiwakatia bima dhidi ya kesi za uzembe zilikuwa zimepandisha ada kupita kiasi, na nyingine zilikuwa zinajitoa kabisa katika biashara hiyo. Gavana Jerry Brown aliitisha kikao maalumu cha bunge la jimbo, na kufikia Septemba mwaka huo sheria mpya ilikuwa imetiwa saini. Sheria hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama MICRA, ndiyo iliyogeuka kielelezo cha mjadala ambao hadi leo haujaisha: je, tukiwawekea mipaka watu wanaoshtaki kwa kuumizwa, bima itakuwa nafuu?

Kabla ya kuendelea, ni vema kuondoa mkanganyiko mmoja. Bima inayozungumzwa hapa si bima ya afya, ile inayomlipia mgonjwa matibabu. Ni bima ya dhima, ambayo daktari au hospitali huikata ili, ikitokea akashtakiwa na kushindwa, kampuni ya bima ilipe fidia na gharama za wakili. Mgonjwa haioni bima hii, lakini huichangia, maana ada yake huingizwa ndani ya bei ya huduma.

Fidia ambayo mahakama humpa mtu aliyeumizwa ina sehemu mbili kuu. Ya kwanza ni hasara inayohesabika: gharama za matibabu yaliyopita na yajayo, mshahara uliopotea, gharama ya mtu wa kumhudumia nyumbani. Ya pili ni fidia ya maumivu na mateso, yaani kupofuka, kupoteza uzazi, kufiwa na mtoto, kuishi na uso ulioharibika. Hii ya pili haina risiti. Nchini Marekani huamuliwa na jopo la raia wa kawaida walioteuliwa kusikiliza kesi, na majopo mawili yanayosikiliza mambo yanayofanana yanaweza kutoa viwango vinavyotofautiana kama mbingu na ardhi. Kampuni za bima huchukia kutokujua kuliko zinavyochukia hasara yenyewe, kwa hiyo ni sehemu hii ya pili iliyolengwa. MICRA iliweka ukomo wa dola 250,000 kwa fidia ya maumivu na mateso. Hasara inayohesabika haikuguswa. Sheria hiyo ilipunguza pia sehemu ambayo wakili anaweza kuchukua kutoka katika fidia, na ikafupisha muda wa kufungua kesi.

Hoja ya wanaounga mkono ukomo ni nyepesi kueleweka. Malipo yakipungua na kutabirika, ada hushuka. Ada ikishuka, madaktari wa uzazi na wa upasuaji wa ubongo, ambao bima zao ni ghali kuliko za wenzao, hawatahama jimbo wala kuacha kazi. Na daktari asiye na hofu ya kushtakiwa hataagiza vipimo visivyo vya lazima kwa ajili ya kujikinga tu. Tabia hii ya mwisho huitwa tiba ya kujihami. Ipo, na yeyote aliyefanya kazi hospitalini ameiona hata katika nchi ambazo kesi ni chache.

Matokeo yake yalikuwa yapi? Mfano ulio wazi zaidi ni Texas. Mwaka 2003 bunge la jimbo hilo lilipitisha ukomo wa dola 250,000 kwa madaktari, na Septemba mwaka huo wananchi wakaubariki kwa kura iliyobadilisha katiba ya jimbo, wakishinda kwa tofauti ndogo sana. Kesi zilipungua. Mwanzoni mwa 2004 Texas Medical Liability Trust, mojawapo ya kampuni kubwa zinazowakatia bima madaktari wa huko, ilishusha ada zake kwa asilimia 12, na ada ziliendelea kushuka miaka iliyofuata. Kwa hiyo anayesema kwamba ukomo hauna athari yoyote juu ya ada za bima anakosea. Tafiti makini zilizolinganisha majimbo kwa ujumla zinaonyesha kwamba ada katika majimbo yenye ukomo huwa pungufu kwa kiasi, ingawa si kwa kiwango kile kinachotangazwa majukwaani.

Lakini ahadi ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Watafiti waliochunguza Texas baada ya 2003 hawakuona matumizi ya Medicare, bima ya serikali kwa wazee, yakipungua kwa sababu ya ukomo. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani, ambayo haina upande, ilikadiria mwaka 2009 kwamba kundi zima la hatua za namna hii likitumika nchi nzima lingeshusha ada za bima ya madaktari kwa takriban asilimia 10, ila gharama zote za afya za taifa zingepungua kwa nusu ya asilimia 1 tu. Sababu yake ni ya hesabu: bima ya madaktari pamoja na malipo ya kesi ni takriban asilimia 2 ya fedha zote zinazotumika kwa afya nchini humo. Ukipunguza kitu kidogo kwa kiasi kidogo, mgonjwa anayelipa dirishani haoni tofauti.

Kuna jambo jingine ambalo mjadala huu hulisahau, nalo ni jinsi biashara ya bima yenyewe inavyoendeshwa. Kampuni hupokea ada leo, na hulipa fidia miaka mingi baadaye, kwa kuwa kesi ya uzembe huchukua muda mrefu. Katikati ya vipindi hivyo fedha huwekezwa, zaidi katika hatifungani. Riba ikiwa juu, kampuni hushindana kwa kushusha ada ili zipate fedha za kuwekeza, hata chini ya kiwango kinachotosha kulipa madai. Riba ikianguka au madai yakizidi makisio, ada hupandishwa ghafla, na baadhi ya kampuni hufunga virago. Marekani imepitia misukosuko ya namna hii mara tatu: katikati ya miaka ya 1970, katikati ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Desemba 2001 kampuni ya St. Paul, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa bima ya madaktari, ilitangaza kujitoa, na maelfu ya madaktari wakaanza kutafuta bima kwingine kwa wakati mmoja. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilipochunguza suala hilo mwaka 2003 iliona kwamba malipo ya madai ndiyo chanzo kikuu cha kupanda kwa ada kwa muda mrefu, lakini kupungua kwa faida ya uwekezaji na ushindani vilichangia pia. Huko California kwenyewe wapinzani wa ukomo hupenda kukumbusha kwamba mwaka 1988 wananchi walipiga kura kuzilazimisha kampuni za bima kuomba idhini ya jimbo kabla ya kupandisha ada, na kwamba utulivu wa bei uliofuata hauwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya MICRA peke yake. Kwa maoni yangu wana hoja, ijapokuwa kutenganisha athari za sheria mbili zilizotumika pamoja ni kazi ngumu.

Sasa tuangalie anayelipia unafuu huo. Tuchukulie mhandisi wa miaka 40 aliyepooza kwa kosa la upasuaji, na mtoto wa miaka mitatu aliyefariki kwa kosa la namna hiyo hiyo. Mhandisi ana mshahara wa miaka 20 na zaidi uliopotea, na gharama za uangalizi wa maisha yote. Vyote hivyo vinahesabika, na ukomo hauvigusi. Mtoto hakuwa na mshahara, na hana matibabu yajayo. Karibu fidia yote ambayo wazazi wake wangeweza kupewa ni ile isiyo na risiti, ambayo sasa imewekewa mpaka. Ndivyo ilivyo pia kwa bibi kizee aliyestaafu na kwa mama wa nyumbani. Mawakili wa kesi hizi Marekani hawalipwi mpaka washinde, na hutanguliza wenyewe gharama za mashahidi wataalamu. Kesi ya mtoto yule inaweza kumgharimu wakili fedha nyingi kiasi kwamba, hata akishinda, asibakiwe na kitu. Basi huikataa kwa upole. Haki haikufutwa kwenye karatasi, ila hakuna wa kuisimamia.

Isitoshe, dola 250,000 za mwaka 1975 zilikuwa na thamani inayozidi dola milioni 1 kwa bei za mwaka 2022, na sheria haikuweka utaratibu wa kuziongeza. Mwaka 2014 wapiga kura wa California walikataa pendekezo la kupandisha kiwango hicho. Hatimaye mwaka 2022 pande zote zilikubaliana: kuanzia Januari 2023 ukomo ukawa dola 350,000 kwa majeruhi na dola 500,000 pale mgonjwa anapofariki, ukipanda kila mwaka kwa miaka 10 hadi dola 750,000 na dola milioni 1. Texas imebaki palepale.

Wanaotetea ukomo hudai kwamba mahakama zimejaa kesi zisizo na msingi. Ushahidi unasema mambo mawili kwa pamoja. Utafiti mkubwa wa Chuo Kikuu cha Harvard ulipitia majalada zaidi ya 30,000 ya wagonjwa waliolazwa katika jimbo la New York mwaka 1984. Asilimia 3.7 ya wagonjwa walikuwa wameumizwa na matibabu, na zaidi kidogo ya robo ya madhara hayo yalitokana na uzembe. Ila miongoni mwa walioumizwa kwa uzembe, waliofungua madai hawakufika hata 2 katika kila 100. Wakati huohuo, madai mengi yaliyofunguliwa hayakuambatana na uzembe uliothibitika katika majalada. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2006 na kuhusisha madai 1,452 yaliyokwisha kufungwa, ulikuta kwamba kwa kila dola 1 iliyolipwa kama fidia, senti 54 nyingine zilikwenda kwa mawakili, mashahidi na uendeshaji. Mfumo wa aina hiyo huwakosa wengi wanaostahili, huwasumbua madaktari wasio na kosa, na hutumia fedha nyingi njiani. Kuuwekea ukomo kunapunguza bei yake tu, hakuurekebishi.

Taaluma yangu ya usingizi na ganzi ilipata njia nyingine. Mwaka 1982 televisheni ya ABC ilirusha kipindi kilichowatisha Wamarekani kuhusu vifo vya usingizi. Wakati huo madaktari wa usingizi walikuwa wakilipa bima kwa viwango vya juu kabisa. Badala ya kuishia katika kulalamikia mawakili, chama chao, kikiongozwa na Dkt. Ellison Pierce, kilizigeukia kampuni za bima na kuomba kusoma majalada ya madai yaliyokwisha kulipwa. Yalionyesha jambo moja likijirudia: mgonjwa alikosa hewa, na aliyekuwa chumbani hakugundua mapema, mara nyingi kwa sababu mrija ulikuwa umeingia kwenye umio badala ya koo la hewa. Mwaka 1986 chama kikapitisha viwango vya lazima vya kumfuatilia mgonjwa, na muda si mrefu kipima-oksijeni cha kidoleni na kipimo cha hewa ya kaboni anayoitoa vikawa vifaa vya kawaida. Vifo vilipungua. Madai makubwa yalipungua. Ada za bima za madaktari wa usingizi zilishuka sana, na zimebaki chini ya zile za fani nyingi za upasuaji. Bila zile kesi majalada yasingekuwapo, na jambo hili wenzangu wengi hawapendi kulisikia.

New Zealand ilifuata mkondo tofauti kabisa. Tangu Aprili 1974 mtu aliyeumia hulipwa na mfuko wa umma bila kulazimika kuthibitisha kosa la mtu, na kwa kubadilishana na hilo hana haki ya kushtaki kudai fidia ya majeraha hayo. Sweden ilianzisha bima ya wagonjwa ya namna hiyo mwaka 1975. Malipo ni madogo kuliko ya mahakama za Marekani, lakini huwafikia watu wengi zaidi na kwa haraka zaidi.

Hapa Tanzania hatuna ukomo wa aina ya MICRA, na ukiangalia uchache wa kesi zetu, hakuna aliyeona haja ya kuudai. Mgonjwa aliyeumizwa anaweza kufungua shauri la madhara mahakamani ndani ya miaka mitatu, na ikiwa hospitali ni ya Serikali hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90. Anaweza pia kulalamika Baraza la Madaktari Tanganyika, lenye mamlaka ya kinidhamu juu ya leseni. Uchache wa kesi usitufanye tudhani kwamba madhara ni machache. Takwimu za New York zinatosha kututahadharisha. Kesi zitakapoongezeka, na kadiri bima ya dhima inavyozoeleka katika hospitali binafsi zitaongezeka, hoja ya ukomo italetwa mbele yetu kama ilivyoletwa mbele ya bunge la California mwaka 1975. Siku hiyo ikifika, kitu cha kwanza cha kuiomba kampuni ya bima kitakuwa majalada ya madai iliyolipa.