Jeep ni ngumu, lakini wewe si chuma



Katika barabara zetu, tangu Kamanyola mpaka Uvira na kuendelea hadi Baraka, hakuna gari linalosifiwa kuliko jeep. Mwenye duka anaisifu, shofere anaisifu, na mtoto wa Kilibula akitengeneza gari la waya huifanyia mabega mapana kama ya Land Cruiser. Sisi wa dispansari hatuna ugomvi na sifa hiyo. Lakini sisi tunaletewa watu, hatuletewi magari, na mara nyingi tunasikia maneno haya: "Jeep haina kitu, ni taa moja tu imevunjika." Na huku mwenye kusema ameshika mkono wake uliovunjika. Kwa hiyo leo tunataka kueleza sifa hiyo ilipatikana kwa njia gani, na inamlinda nani.

Tuanze na jina. Hapa kwetu kila gari la 4x4 ni jeep. Jeep ya kwanza ilikuwa gari la jeshi la Marekani wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Vita ilipokwisha, Mwingereza Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na jeep kuukuu ya Willys katika shamba lake, akaona ya kuwa mkulima anahitaji gari la namna ile. Kutoka hapo ikatokea Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza huko Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Nao Wajapani wa Toyota walitengeneza gari lao mwaka 1951, wakaliita Toyota Jeep BJ. Jina lilikuwa na mwenyewe, basi mwaka 1954 wakalibadilisha kuwa Land Cruiser. Mzee anayeziita zote jeep hajakosea sana.

Sasa kwa nini magari haya yalipata sifa? Si kwa sababu hayaharibiki. Shofere mzee atakuambia kwamba Land Rover za zamani zilikuwa zikivunja vyuma vya ekseli ya nyuma, na fundi alikuwa akitembea na kimoja cha akiba. Sifa ilitoka kwa kuwa ni magari ya kufunguka. Mtu mwenye spana chache na akili timamu angeweza kulifungua chini ya mwembe, akatoa kilichovunjika, akatia kingine, na safari ikaendelea. Bodi ya Land Rover ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa kigumu kupatikana Uingereza. Aluminiamu haili kutu, nao watu wakasema: tazama, gari la miaka 30 linang'aa! Ni kweli, lakini chini ya bodi hiyo kuna chasi ya chuma, nayo inakula kutu kama chuma kingine chochote, hasa mahali ambapo matope yetu yanaganda ndani na hayaoshwi. Usilipime gari kwa kutazama mlango. Lala chini uigonge chasi kwa nyundo.

Land Cruiser nayo ilijijengea jina kwa kazi. Ile ya mfululizo wa 40 ilitengenezwa tangu 1960 hadi 1984, na mwaka huo huo wa 1984 ikaja ile ya 70, ambayo inatengenezwa hata leo. Ndiyo hiyo mnayoiona kwa mashirika, hospitali, na kwa wafanya biashara wa Bukavu. Tangu mwaka 1990 nyingi kati yake zilitiwa motere ya mazutu ya lita 4.2 yenye silinda sita, isiyo na turbo wala kompyuta ya kuiongoza. Fundi wa Uvira anaipenda kwa sababu anaielewa. Land Rover ya mtindo wa kale, iliyoitwa Defender tangu 1990, ilikoma kutengenezwa Januari 2016.

Kuna habari moja kuhusu magari haya ambayo sisi wafanyakazi wa migodi inatupasa kuijua, ingawa ni ya mbali. Huko Australia, kati ya miaka ya 1949 na 1974, watu walichimba mashimo marefu na kujenga mabwawa katika milima ya Snowy, ili wapate umeme na maji ya kilimo. Zaidi ya watu 100,000 walipita katika kazi hiyo, wengi wao wahamiaji kutoka Ulaya. Land Rover zilifanya kazi huko, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mjenzi mmoja, Leslie Thiess, akaleta Land Cruiser. Zile za kwanza zilisumbua upande wa gia. Toyota ikatuma mafundi wake waende kuangalia wenyewe kinachovunjika, wakakirekebisha. Sifa ilianzia hapo: kwa kukubali kwamba kitu kinavunjika.

Lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba watu 121 walikufa katika kazi hiyo ya Snowy, na barabara za milimani zilikuwa moja ya hatari zake. Mkubwa wa kazi, William Hudson, mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliamuru mikanda itiwe katika magari ya kazi, na wafanyakazi wakalazimika kuifunga. Wakati ule nchi yenyewe haikuwa na sheria hiyo. Jimbo la kwanza la Australia, Victoria, lilitoa sheria ya kufunga mkanda mwaka 1970. Tazameni basi: watu waliokuwa na magari magumu kuliko yote ndio waliotangulia kujifunga mikanda. Hawakusema "jeep inatosha".

Kwetu jeep inapakiwa namna gani? Mbele watu watatu au wanne, na nyuma kila anayepata nafasi ya kuweka mguu. Pick-up ya Land Cruiser huchukua karibu tani moja, kadiri ya namna yake. Namba yake imeandikwa katika kitabu cha gari. Chukua mtu mmoja kwa kilo 65. Watu 15 wanafanya kilo 975. Tani imekwisha, na bado hatujapakia mifuko ya saruji, mitungi ya mazutu, wala yule mama aliyesimamisha gari pale Makobola na magunia yake ya mihogo. Springi ngumu hazilalamiki. Hizo ndizo zinazowadanganya watu, kwa maana gari dogo likizidishiwa mzigo linakaa chini, kila mtu anaona, bali jeep inabaki imesimama kama kwamba haina kitu.

Kumbe shida iko juu. Gari hili limeinuliwa ili lipite juu ya mawe. Ukilitia watu waliosimama, au mizigo juu ya paa, uzito wake unapanda zaidi, na kwenye kona au tairi ikipasuka linapinduka kwa urahisi kuliko gari la chini. Anayekaa nyuma juu ya ukingo wa pick-up hana kitu cha kumshika. Gari likipinduka yeye hutupwa nje, na mara nyingine gari humlalia. Hata katika zile jeep zilizofunikwa, ambamo watu hukaa nyuma kwenye mabenchi wakitazamana, nyingi hazina mikanda. Zikisimama ghafula, watu wote wa benchi huteremkia mbele, na yule wa mwisho huwabeba wenzake wote juu ya mbavu zake. Nyingi za miaka ya nyuma hazina hata mfuko wa hewa wa kumkinga shofere. Mikanda ikiwapo mbele, ifungwe. Sisi tunashangaa kuona mikanda imekunjwa vizuri chini ya kiti ili isichafuke!

Sasa yako mambo matatu au manne ya gari lenyewe ambayo yanatuletea wagonjwa, na ni vizuri kila mtu ayajue, hata asiye shofere.

La kwanza ni breki ya mkono, au feri ya mkono kama wengi wetu tunavyosema. Katika Land Rover hizo za zamani, na Land Cruiser nyingi za mwanzo, breki hiyo haishiki magurudumu. Inashika ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma. Magurudumu yote yakiwa chini, gari linasimama imara. Lakini ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile lililo hewani linazunguka bure, breki haina tena cha kushika, na gari linaweza kutembea likamwangukia aliye chini. Kwa hiyo kabla ya jeki, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Mawe hayakosekani hapa kwetu. Na mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, litiwe magogo.

La pili ni manivele ya kuwashia Land Rover za zamani. Injini inaweza kuirudisha kwa nguvu, na kidole gumba au kiwiko cha mkono kikavunjika. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke chuma. Vuta kwenda juu, usisukume kwenda chini.

La tatu ni rejeta. Injini ikichemka, shofere mwenye haraka hufungua kifuniko. Maji yale yako chini ya shinikizo, na yakitoka yanaunguza uso na kifua. Zima injini, ngoja mpaka uweze kugusa rejeta kwa mkono bila kuutoa, ndipo ufungue. Nusu saa ya kungoja ni fupi kuliko majuma ya kufungwa bandeji.

La nne ni miteremko. Wanaopanda Bukavu kwa njia ya Nyangezi wanaijua Ngomo, na hatuhitaji kueleza bonde lake. Jeep nyingi za zamani zina breki za ngoma. Ukiteremka umeikanyaga breki toka juu mpaka chini, ngoma zinapata moto sana na breki inaacha kushika, hata kama ilikuwa nzima asubuhi. Teremka kwa gia ndogo, ile ambayo ungepandia, na ule mkono wa pili wa gia uutumie kabla ya kuanza mteremko, gari likiwa limesimama. Injini ndiyo ilizuie gari. Breki uiguse kidogo na kuiacha. Jambo lingine: katika nyingi za Land Rover hizo kuukuu, breki za miguu yote minne zinatumia bomba moja. Likipasuka mahali pamoja, huna breki hata moja. Basi mafuta ya breki yakipungua, usiongeze tu ukaenda zako. Tafuta yanapotokea.

Na mito. Waliokuwako Uvira Aprili 2020 waliona Mulongwe ulivyofanya nyumba na daraja, basi hatutaongeza maneno juu ya nguvu ya maji. Lile bomba la hewa linalopanda kando ya kioo haligeuzi jeep kuwa mtumbwi. Linaizuia injini isinywe maji na vumbi, basi. Maji yanayokwenda kwa kasi, yakifika sentimita 60, yanaweza kubeba gari zito. Kama huwezi kuona chini, na hakuna mtu aliyevuka kwa miguu salama, ngoja. Maji ya milimani yanapanda upesi na yanashuka upesi. Na ukishavuka, breki za ngoma zimelowa. Zikanyage polepole mara kadhaa mpaka zishike.

Mashofere wengi wanakuja kwetu wakisema figo zinauma. Mara nyingi si figo. Ni misuli na zile pete laini zilizo kati ya mifupa ya mgongo, zilizochoshwa na miaka ya kutikiswa, maana springi iliyotengenezwa kubeba tani haibembelezi mtu mmoja. Punguza mwendo kwenye mashimo, simama kila baada ya saa mbili ujinyoshe, weka kiti karibu ili mgongo uegemee, na ukishuka usikimbilie kuinua gunia palepale. Lakini mwenye kukojoa damu, au miguu kufa ganzi, asijitibu kwa kununua vidonge sokoni. Aje apimwe.

Ajali ikitokea pamoja na hayo yote, zimeni injini kwanza, na mtu mmoja asimame mbali kidogo azuie magari mengine. Msimvute majeruhi kwa mikono kumtoa, ila kama kuna moto au maji yanapanda. Damu inayotoka kwa nguvu ikandamizwe kwa kitambaa safi, bila kuachia ili kutazama. Anayelalamika shingo au mgongo asikunjwe akae kwenye benchi. Alazwe juu ya ubao au mlango, kichwa kikishikwa na mtu mmoja kisigeuke, abebwe na watu wanne kwa pamoja. Asiyejibu lakini anapumua alazwe kwa ubavu, kichwa na shingo vikigeuka pamoja na mwili, ili asinyongwe na matapishi. Jeep inayomleta iende polepole. Na kabla haijaondoka, tumeni mtu kwa pikipiki au pigeni simu, mtuambie ni watu wangapi, nani hapumui vizuri, nani anatoka damu, ili mkifika mkute vitanda viko wazi na dawa iko mezani.